Saa Mbili za Mwamini

"Mwamini, dada yangu, mbona ukuta wako uko na saa mbili na hazipatani? Hii moja imekufa?"

Jirani yake Asma alimuuliza hivyo siku moja, alipokuja kuomba chumvi. Mwamini hakuinua macho kwenye unga aliokuwa akiukanda.

"Haijafa. Ile iko ya marehemu."

Asma akaona haya. Akachukua chumvi yake, akaenda zake.

Marehemu Jafari alikuwa nahodha wa boti ya mizigo, Rumonge kwenda Kigoma, Kigoma kurudi Rumonge. Jua ni lile lile na maji ni yale yale, lakini ng'ambo ya mpaka saa iko mbele. Rumonge wakisema saa tatu, Kigoma wanasema saa nne. Jafari aliitundika saa ya pili ili mkewe ajue muda anaokanyaga nchi kavu kule. Siku boti ya magendo isiyo na taa ilipomgonga akazama, Mwamini hakuiteremsha. Kila Ramadhani aliibadilishia betri.

Hayo Asma alikuja kuyajua. Hakujua kwamba mjane huyu wa chai na mandazi, pale mwaloni penye boti, alikuwa na bastola ya Beretta kikapuni, chini ya mandazi.

Wala kwamba alikuwa na miaka tisa katika Idara ya ujasusi.

Alhamisi asubuhi, simu yake ya Itel ikalia mara moja. Ujumbe ulikuwa mfupi.

*Maziwa yamechacha. Mgeni mmoja si mgeni. Saa nne.*

Akausoma. Akaufuta. Akaosha kikombe alichokuwa nacho mkononi.

Saa nne yangeanza matembezi ya ziwani. Watalii saba, boti moja, na kiongozi wao Chanceline, binti wa kijiji cha Gitaza. Wiki mbili nyuma Chanceline alikuwa amepeleka wageni kwao kuona ndagala, dagaa wa ziwa, zinavyoanikwa. Katika picha alizopiga, chini ya nyavu za ndagala, yalionekana makasha ya risasi. Na juu ya makasha ilionekana sura ya mwenye makasha.

Kesho asubuhi angezipeleka picha hizo kwa hakimu, aape na kusema.

Kama angefika kesho.

Idara ilikuwa imemficha nyumbani kwa Mwamini. Alikataa kuacha kazi. "Nikikaa ndani watajua naogopa," alisema. Siku kumi na moja sasa walikuwa wakila sahani moja. Mwamini alikuwa ameshazoea kumsikia mtoto yule akikohoa chumba cha pili.

Akashika tasbihi yake nyeusi. Punje ya thelathini na tatu ilikuwa na redio ndani. Hakuwahi kumtaja Mungu kwenye tasbihi ile. Ya kuombea ilikuwa kifuani, ya mbao.

"Ndoo kwa Kisima," akanong'ona.

"Kisima. Sema." Huyo ni Mbaraka, mkubwa wake, ndani ya Hilux nyeupe nyuma ya soko.

"Yuko yupi?"

"Hatujui. Tafuta."

Hakutafuta mbali.

Alikuja akishuka njia ya mchanga, shati la maua jipya, mikunjo ya dukani bado iko mgongoni. Begani mfuko wa kamera ulioandikwa Nikon. Akasimama ufukweni, akatazama kushoto, akatazama kulia. Hapakuwa na mtalii hata mmoja.

"We mama. Watu wa matembezi wako wapi?"

"Amahoro, muheshimiwa."

"Nimekuuliza watu wako wapi. Wanaanza saa nne. Imebaki dakika kumi."

Mwamini akafuta mikono kwenye kitenge, akamwonyesha simu. "Huku kwetu iko saa tatu kasoro kumi."

Mtu yule akatazama simu. Akatazama Seiko iliyokuwa mkononi mwake. Taya likacheza. Akavuta kitufe cha pembeni, akairudisha mishale nyuma haraka, kama mtu anayefunga zipu mbele za watu.

"Betri," akasema. "Inakufa."

"Pole."

Saa inayokufa huchelewa, kisha husimama. Mwamini alikuwa amebadilisha betri nyingi. Hakuwahi kuona saa inakufa kwa kukimbilia mbele saa moja kamili, dakika haizidi wala haipungui.

"Umetokea mbali?"

"Bujumbura. Nimepanda Hiace ya alfajiri. Mimi ni Yonasi, mwalimu. Na maswali basi."

Bujumbura na Rumonge saa ni moja.

Mtu huyu hakupanda Hiace. Amekuja kwa maji, kutoka Kigoma.

"Sasa mwalimu, utakaa hapa uchomwe na jua?" Mwamini akamwita mwenye boti jirani amlindie kikapu. "Watalii wote wakiwahi, wanazungukaga mji kwanza. Twende nikuonyeshe. Utarudi kwa wakati."

Yonasi akatazama ziwani. Mbali kidogo, Zodiac ya marine, askari wa ziwani, ilikuwa inapita pole pole. Hakupenda kuonekana amekaa peke yake ufukweni.

"Tembea," akasema. "Na usinipigie domo."

Wakaondoka. Hatua ishirini mbele, Mwamini akakumbuka Beretta.

Imebaki chini ya mandazi.

Kurudi hakuwezekani. Akamwachia Mungu, akaendelea.

Akamwonyesha msikiti wa mtaa wa Waswahili. Yonasi hakuutazama msikiti, alitazama kichochoro cha nyuma yake. Akamwonyesha mafundi wa boti, kucha zao nyeusi kwa lami. Yonasi akauliza barabara ya Nyanza-Lac ina vizuizi vingapi.

"Vinne," Mwamini akasema. Alijua idadi yake kama vidole vyake, na hakuwa amesema kweli.

"Unatembea kama bata, mama."

"Na wewe unatembea kama mwenye kufukuzwa, mwalimu. Mji hautakimbia."

"Mdomo huo utakuponza."

"Ulishaniponza zamani. Niko hai."

Wakaingia soko la samaki. Wanawake wakamzunguka, mukeke huku, ndagala kule, kila mmoja akimwita mukwe wangu, mume wangu, njoo. Mtalii mwingine angecheka, angepiga picha hamsini. Huyu alikunja uso kama amekanyaga kinyesi. Mfuko wa Nikon hakuufungua hata mara moja. Ila mkono wake wa kuume haukuwa mbali nao.

Simu yake ikatetemeka. Akajitenga hatua tatu, akampa Mwamini mgongo. Mwamini akainama juu ya sinia la ndagala, akaibinya punje ya thelathini na tatu ili Mbaraka naye asikie.

"Ndiyo, ni mimi. Kama tulivyopanga. Saa tano kamili, mbele ya mwalo. Nitakuwa majini na kazi imekwisha. Mje wote wawili, na mzee awepo."

Mzee. Mwenye ile sura juu ya makasha.

Yonasi akasogea kununua sigara. Mwamini akainua tasbihi mdomoni kama mwenye kuleta dhikri.

"Kisima. Boti yao inakuja saa nne."

"Tumesikia saa tano."

"Saa tano ya Kigoma. Huyu amerudisha saa yake nyuma mbele yangu. Wenzake hawajarudisha."

"Na yeye mwenyewe hajakumbuka?"

"Ameona aibu, ameficha kosa haraka. Mwenye kuficha haraka hahesabu vizuri."

"Una hakika, Ndoo? Nikiwapanga marine saa nne na boti ije saa tano, watatuona na watageuza."

"Nina ukuta mzima wa hakika."

Mbaraka akapumua. "Sawa. Saa nne. Boti ikionekana, punje itatetemeka mara mbili. Kabla ya hapo usimguse. Tukimshika yeye tu, mzee anarudi kwake kunywa chai."

"Na kama atanigusa yeye?"

Yonasi alikuwa anarudi na sigara yake. Mwamini akaiachia punje.

Saa nne kasoro robo. Mwamini alimpeleka mahali pa mwisho, kwenye mashine za mawese juu kidogo ya soko. Kibanda cha mabati, mapipa meusi juu ya moto, harufu nzito ya kukwama kooni. Mafundi walikuwa wametoka kupokea mzigo wa ngazi, yale matunda ya mchikichi. Alitaka amzungushe hapo mpaka dakika ziishe.

"Hapa ngazi zinachemshwa, halafu zinakamuliwa. Ile pipa imeshapoa kidogo, iko tayari kumiminwa."

"Nimechoka na mapipa yako. Turudi."

"Bado kidogo, mwalimu."

"Nimesema turudi!"

Ndipo sauti ikatoka nje, nyepesi, ya mtu aliyekimbia.

"Mama Mwamini! Nimekutafuta mwaloni wee! Ufunguo umeuweka wapi? Nimesahau kitambulisho chini ya mto!"

Chanceline alisimama mlangoni na fulana yake ya njano ya kuongoza wageni. Alikuwa anacheka.

Kicheko kikamfia mdomoni.

Yonasi alimtazama yeye. Akamtazama Mwamini. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akatabasamu.

"Kumbe," akasema. "Mnalala nyumba moja."

Mfuko wa Nikon ukafunguka. Hapakuwa na kamera. Ilitoka Makarov yenye kiziba sauti kirefu cha kutengenezwa na fundi.

"Ingia, mrembo. Funga mlango. Ukipiga kelele, bibi anatangulia."

Chanceline akaingia. Akafunga mlango.

"Nilitaka nikumalizie ziwani, pazuri, upepo mwanana. Lakini bibi amenichosha na mji wake." Akamgeukia Mwamini. "Na wewe ni nani hasa? Polisi?"

"Mimi ninauza mandazi."

"Piga magoti, muuza mandazi."

Mwamini akapiga magoti. Pipa lililopoa lilikuwa kushoto kwake, limekaa juu ya mawe matatu, moja limelegea. Alikuwa ameliona jiwe lile alipoingia. Mwiko wa kukorogea, mrefu kama kasia, uliegemea ukuta.

Saa nne kasoro dakika tatu.

"Mwanangu," akasema, "niache nimalize tasbihi. Hata kuku anageuzwa kibla."

Yonasi akacheka puani. "Omba. Omba haraka."

Akaanza. Punje moja. Punje ya pili. Chanceline alilia bila sauti, mikono imefunika mdomo. Punje ya kumi. Kifuani mwa Mwamini, pale palipokuwa na tasbihi ya mbao, moyo ulikuwa unapiga kama mlango unaogongwa na askari. Ya ishirini. Kama Jafari na saa yake walinidanganya, mtoto huyu anakufa mikononi mwangu. Ya ishirini na tano.

"Inatosha," Yonasi akasema.

"Bado nane."

"Nimesema inatosha!"

Bastola ikapanda kumwelekea Chanceline.

Ya thelathini na tatu ikatetemeka.

Mara moja.

Mara mbili.

"Bismillahi," Mwamini akasema, na kisigino chake kikalipiga jiwe.

Pipa likaanguka. Mawese yakamwagika sakafuni, mekundu, mazito, bado yana moto wa kuunguza. Yonasi akaruka nyuma. Kiatu chake kipya cha mtalii kikatafuta sakafu, hakikuipata. Akaenda chini kwa mgongo.

*Fyu!*

Risasi ikatoboa bati la juu. Uzi wa jua ukashuka ndani.

Mwamini hakungoja ya pili. Mwiko ukatua kwenye kifundo cha mkono. Makarov ikateleza mpaka chini ya mashine. Mwiko ukatua tena, begani. Alipojaribu kuinuka akateleza, na ukatua mara ya tatu, mahali ambapo mwanamume akipigwa hainuki.

"Chanceline. Leta kamba ile ya kufungia ngazi."

Chanceline akaleta.

"Sasa nawa uso. Una wageni sita wanakungoja."

"Mama, siwezi. Tazama mikono yangu."

"Shika usukani wa boti, itatulia. Nenda, mutoto wangu. Wamekuja kuona ziwa letu. Waonyeshe."

Tasbihi ikakwaruza. "Kisima kwa Ndoo. Boti ya Yamaha mbili, watu watatu. Saa nne na dakika moja. Marine wamewazingira. Mzee yuko ndani, na sura ni ile ile ya picha. Saa ya Kigoma, eh?"

"Saa ya Kigoma."

Nusu saa baadaye Yonasi alikuwa amefungwa kwenye kiti, katika chumba kidogo cha marine pale mwaloni. Nywele zilikuwa zimegandamana na mawese. Dirishani ilionekana boti ya matembezi ikienda mbali, na fulana moja ya njano mbele yake.

Mbaraka na askari wawili walisimama ukutani. Mwamini akaingia na kikapu chake cha mandazi.

"Nani aliniuza?" Yonasi akafoka. "Mzee hawezi. Wale wawili hawawezi. Boti ilikuwa ya saa tano! Saa tano! Nani aliwaambia saa nne? Sema, mchawi wewe!"

Mwamini akaweka kikapu chini. Akaushika mkono wake uliofungwa, akaifuta ile Seiko kwa ncha ya kitenge, taratibu, mpaka kioo kikang'aa. Akavuta kitufe cha pembeni.

Akaisogeza mishale mbele. Mwendo wa saa moja kamili.

Akabonyeza kitufe, akamgeuzia mkono ili aone.

Yonasi akatazama. Midomo ikafunguka. Rangi ikamtoka usoni, hata mawese hayakuweza kuificha.

Mwamini akachukua kikapu chake, akatoka.