Karatasi ya Desmond Haina Upendeleo

Jumamosi asubuhi, soko la Preston limefurika watu, Desmond Kearsley alikuwa akibishana na muuza jibini juu ya bei ya kipande kisichozidi kiganja. Nyuma yake mwanamke akacheka.

"Mlipe tu, kaka. Tutazeekea kwenye foleni hii."

Desmond aligeuka. Aliona gauni la kijani, buti zenye matope, nywele nyeusi zilizofungwa ovyo kwa kitambaa, na macho yasiyoomba radhi.

"Dola zangu hazina haraka," alijibu.

"Aa, ndiye wewe. Desmond wa ile karatasi. Kumbe sura na maandishi ni mapacha."

Nani asiyeijua karatasi hiyo? Kila uchaguzi wa jimbo la Victoria ulipokaribia, Desmond, mhasibu asiye na chama, aliandika ukurasa mmoja wa kuwashauri walipa kodi nani apewe kura. Mgombea aliyeahidi madaraja bila kusema fedha zitatoka wapi alishushwa mkiani, hata awe mtanashati vipi. Watu waliibandika kwenye friji, wakaifuata kama dawa ya daktari.

Na mwanamke huyo alikuwa Ilaria Venturin, muuguzi, mgombea binafsi wa kiti cha eneo lao. Mbunge aliyekuwepo alitaka zahanati ya mtaa isifunguliwe tena usiku. Ilaria alisimama ili kuiokoa.

Penzi lilinoga upesi kuliko walivyotaka wenyewe. Simu zikawa haziishi.

"Bahili wangu, umekula?"

"Nimekula mabaki ya jana."

"Ya jana au ya juzi?"

"Laazizi, mkaguzi ni mimi."

Desmond aliupekua mpango wa Ilaria akitafuta kasoro, akiomba asiipate. Hakuipata. Ilaria alionyesha ofisi zipi za serikali watu wamepangishwa bure bure, na kwamba kodi ya pango ya ofisi hizo ingetosha kuendesha zahanati usiku. Hakuhitaji kumwongezea mtu ushuru hata senti. Kwa kipimo cha karatasi yenyewe, alistahili kuwa wa kwanza. Ila Desmond aliwaogopa watu. Aliwasikia kichwani: amehongwa kwa busu. Hakutaka kuipoteza sifa aliyoijenga kwa miaka, na hapo ndipo mwanaume huyu mwerevu alipoanza upumbavu wake.

Huku kwetu mpiga kura huwapanga wagombea wote kwa namba. Anayeshika mkia huondolewa, na kura zake humwendea aliyepewa namba mbili. Wagombea walikuwa watatu: mbunge, Ilaria, na mzee Clive Pascoe, mstaafu mkavu ambaye hata mkewe alisema hatampigia. Desmond akampa Pascoe namba moja, Ilaria namba mbili. Pascoe ataanguka mapema, alijiambia, na kura zote zitatembea zenyewe hadi kwa mpenzi wangu. Hakumweleza Ilaria, wasije wakaambiwa wamekula njama.

Ilaria alijua siku yenyewe ya kura, kwenye lango la shule, akigawa vipeperushi vyake huku moshi wa soseji na vitunguu vinavyouzwa hapo kila siku ya kura ukimwingia machoni. Bibi mmoja Mgiriki alimwonyesha karatasi. "Pole, mwanangu. Rafiki yako kakuweka wa pili."

Alimkuta Desmond kwenye foleni ya soseji.

"Wa pili, mpenzi?"

"Sikiliza kwanza. Pascoe hafiki popote. Akitoka, kura zinakuja kwako, na hakuna wa kuninyooshea kidole."

"Kukunyooshea wewe."

"Kutunyooshea sote."

"Mimi nimesimama hapa na jina langu kifuani, Desmond. Anayejificha nani?"

Desmond alitamani kumshika mkono. Lakini foleni nzima ilikuwa ikiwatazama, basi mkono ukabaki mfukoni.

Mhasibu alisahau kujihesabu mwenyewe. Watu walimwamini kupita alivyodhani, na kura za karatasi yake zikambeba Pascoe hadi akampita Ilaria. Aliyeshika mkia akawa Ilaria, na yeye ndiye aliyeondolewa. Namba mbili zote alizoandikiwa kwa ushauri wa Desmond hazikuguswa, kwa kuwa Pascoe alikuwa bado kinyang'anyironi. Mbunge alishinda. Baada ya Krismasi zahanati ikaanza kufungwa jua likizama.

Ilaria hakupokea simu. Desmond alikonda, akaacha kupika, akajifunza kuwa majuto hayana mtu wa kubishana naye bei. Mwisho akaenda nyumbani kwake. Ilaria alikuwa barazani na sare ya kazi, kikombe cha kahawa mkononi.

"Nilikukumbuka, bahili wangu," alisema. "Sipendi kusema, lakini nilikukumbuka."

"Nilikukosea. Niliogopa midomo ya watu kuliko nilivyoogopa kukupoteza." Akatoa pete. Safari hii hakuwa amebishana na muuzaji. "Kubali nikuoe, Ilaria. Mbele ya mtaa mzima."

Ilaria aliipokea, akaigeuza geuza. Mashavu yalianza kulainika, na Desmond alidhani amesamehewa.

"Nikuulize kitu. Karatasi ilikuwa ya watu, uliona haya. Iliniunguza, lakini nimeimeza. Ndani ya kituturi cha kura ulikuwa peke yako na penseli. Hakuna aliyekuona. Mimi uliniandika namba ngapi?"

Angeweza kudanganya. Ilaria mwenyewe, kwa namna alivyomtazama, alikuwa kama anamwomba adanganye.

"Mbili," alisema Desmond. "Siwezi kuwashauri watu jambo nisilolifanya mwenyewe."

Ilaria aliirudisha pete kiganjani mwa Desmond, akamkunja vidole kimoja kimoja.

"Basi kamwoe Pascoe," alisema bila kucheka, akachukua mkoba wake, akaenda kazini.