Unga Machoni mwa Nurys

Mjinga siku ile nilikuwa mimi, na ujinga wenyewe sikuuficha, niliuvaa usoni. Kinyago cha marimonda, yule nyani mchekeshaji wa Kanivali, pua ndefu inaning'inia hadi kifuani, masikio makubwa kama sinia, shati nimeligeuza ndani nje, kiunoni kifuko cha maisena. Jumamosi ya Kanivali Barranquilla nzima iko barabarani inarushiana ule unga mweupe wa mahindi, na sheria ni moja tu: ukimwagiwa, hukasiriki.

Kabla ya kuvaa nilimpigia simu mchumba wangu, Nurys.

"Uko wapi, mpenzi? Wenzako wameshaanza kucheza."

"Kitandani, Dago. Homa."

"Homa ya kweli au ya kunikimbia?"

"Ya kweli. Usije, nitakuambukiza."

"Hata supu nisikuletee?"

"Hata supu. Vumilia kidogo, nina zawadi yako ya harusi."

Sauti ya homa gani ile, ina kicheko ndani? Na wiki nzima alikuwa hivyohivyo. Haonekani, mlango umefungwa, mama yake ananijibu dirishani. Mimi na akili yangu fupi nikajiuliza ni zawadi gani inayotaka mtu ajifungie ndani.

Niseme na hili. Nurys alivaa miwani minene tangu shuleni, na katika mtaa wetu wa Barrio Abajo hakuna aliyemtania kunizidi mimi. Nilimwita Chupa Mbili. Siku tuliyotangaza harusi nilisimama juu ya kiti nikaigiza sauti ya padri: "Dagoberto, je, unakubali kuioa miwani hii?" Watu walicheka hadi bia zikamwagika. Naye alicheka. Nilidhani alicheka.

Basi mchana ule, barabara zimefungwa, teksi hazipiti, namwona anakuja kwa miguu. Miwani ya jua nyeusi tii. Mwanaume mrefu nisiyemjua amemshika mkono, anamwongoza polepole kama aliyebeba trei ya mayai. Nurys anamnong'oneza kitu, wanacheka.

Damu ilinipanda. Sikusema neno, maana sauti yangu angeijua. Nilipuliza filimbi na kumzunguka nikicheza.

"Haya, bwana marimonda," Nurys akasema, "mimi mgonjwa leo. Tupishe."

Nilimvua miwani kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili nikammwagia unga, gao zima, macho yote mawili yakiwa wazi yananitazama.

Alipiga ukelele ambao haukuwa wa Kanivali. Akaanza kuyasugua kwa viganja.

"Usisugue! Nurys, usisugue!" yule mwanaume alifoka. "Jamani, maji! Huyu kafanyiwa operesheni ya macho Jumatatu, ndiyo tunatoka kwa daktari!"

Watu walicheka wakidhani ni mchezo. Kuna mmoja akamwongezea povu kichwani.

"Binamu, kuna kitu kimejikunja," Nurys alilia. "Wadith, binamu yangu, hili la kushoto limejikunja!"

Binamu! Miguu yangu ilielewa kabla ya kichwa. Nilikimbia. Marimonda walijaa barabara nzima, nikapotea katikati yao, filimbi ingali mdomoni.

Jioni simu ililia. Ujumbe kutoka kwa mama yake, Mama Eneida: "Dagoberto mwanangu, njoo hospitali ya macho. Shetani mmoja kammwagia Nurys maisena. Alitaka uoneshwe mke asiye na miwani siku ya harusi, ndiyo maana tulikuficha. Nisamehe."

Yeye ananiomba mimi msamaha! Nilioga mara mbili kabla ya kwenda.

Daktari, mama mfupi mwenye sauti kavu, alitueleza koridoni.

"Katika operesheni hii tunaikata ngozi nyembamba ya mbele ya jicho, tunaifunua kama kifuniko, tunapiga leza chini yake, kisha tunairudisha. Inataka muda kushika. Hii ya kushoto ilikuwa haijashika. Unga umeingia chini yake, na kusugua kumeikunja."

"Ataona?" Mama Eneida aliuliza.

"Ataona. Ataonaje, sijui. Tumefunua upya, tumeosha, tumeshona. Sasa ni kungoja."

Wadith alikuwa ameegemea ukuta, shati limejaa unga. "Ningempata yule mtu..."

"Mimi nikimpata," nikadakia, "nitamvunja mikono yote miwili."

Nilisema kwa sauti ili Nurys anisikie kutoka kitandani. Alinisikia. Macho yalikuwa yamefunikwa, mdomo tu ndio uliosogea.

"Usimvunje, Dago. Mikono yake ataihitaji."

Nikamsifu moyoni kwa huruma yake. Mjinga hana likizo.

Kuanzia hapo nikawa mtu wa asubuhi. Kabla ya kwenda kazini, kwenye banda langu la kutengeneza feni, nilipitia kwao na mkate wa muhogo na soseji, nikanawa mikono hadi viwiko, nikamtia dawa ya matone. Yeye kichwa amekilaza nyuma kitini, mimi nimemwinamia, naivuta kope ya chini kwa kidole.

"Unatetemeka," aliniambia.

"Kahawa nyingi."

"Hujanywa kahawa bado."

Jicho la kulia lilipona. La kushoto likawa na mambo yake. Kila asubuhi lilikuwa kavu, anasema kama amelala na mchanga ndani. Kila taa ilivaa shada la miale. Gari likiwasha taa jioni, Nurys alisimama palepale njiani hadi lipite. Na kila kitu kilikuwa na pacha wake hafifu pembeni.

"Ukisimama mlangoni nakuona wawili," alisema siku moja.

"Yupi mzuri?"

"Bado natafuta."

Nilicheka. Yeye alishika tena kazi yake. Nurys ni mshonaji wa mavazi ya Kanivali. Shanga ndogo kama mbegu za nyanya, na vile vipande vinavyometameta, moja moja kwa sindano, na vinyago pia. Hakuna malkia wa mtaa wetu aliyepanda jukwaani bila mkono wake. Sasa alitoboa ushanga wa pembeni, ule usiokuwepo, sindano ikaingia kidoleni. Akajaribu tena. Kidole tena.

"Fumba hilo la kushoto," Mama Eneida alimshauri.

"Nikifumba, mama, kichwa kinapasuka baada ya muda mfupi."

"Basi pumzika, mwanangu."

"Nimepumzika tangu Kanivali. Wateja wameenda kwa mwingine. Nipumzike hadi lini?"

Aliitupa nguo. Shanga zilitawanyika sakafuni, nami nikapiga magoti kuziokota. Nilikaribia kusema siku ile. Neno lilifika kwenye meno. Kisha Mama Eneida akanipapasa mgongo: "Mungu kakupa mume, Nurys. Mwangalie, anaokota shanga." Nikalimeza.

Harusi iliyokuwa ifungwe baada ya Pasaka ikasogezwa. Ikasogezwa tena. Daktari alimpima mara ya mwisho na kusema kovu limebaki, miwani haitalisaidia, huenda mwaka ujao watajaribu jambo jingine, huenda wasijaribu. Nurys alimshukuru kwa adabu, kisha akalia njia nzima, dirisha la teksi likiwa limefunguliwa ili upepo uonekane ndio sababu.

Asubuhi moja mvua iligeuza barabara kuwa mito, kama kawaida yetu, hakuna wa kutoka wala kuingia. Mama yake alikuwa kakwama sokoni. Tulikuwa wawili ukumbini, chupa ya dawa mezani. Nurys alikuwa mchangamfu kidogo, kashona ua zima bila kujichoma, kwa shanga kubwa. Nikaona ndiyo nafasi.

"Tupange tarehe, mpenzi. Tumechelewa mno."

"Tarehe ya nini?"

"Ya harusi, ya nini tena! Tuifunge mchana tu. Usiku utamwona padri na taa kichwani ukadhani ni mtakatifu, ukaolewa naye."

Nilicheka peke yangu. Mvua iliendelea kunyesha.

"Utani umerudi," alisema.

"Mzaha tu."

"Nimekusikia." Aliichomeka sindano kwenye mto wake. "Dago, nikuulize. Kinyago chako cha marimonda kiko wapi?"

"Kilichanika. Nilikitupa. Kwa nini?"

"Kwa sababu nilikishona mimi. Sikio moja, uzi mwekundu ulikatika, nikamalizia kwa wa kijani. Nikasema moyoni, hatagundua, yeye haangalii kazi yangu, anaangalia miwani yangu."

Niliinamisha macho kwenye chupa ya dawa.

"Uliponivua ile miwani nyeusi," aliendelea, taratibu, kama anasimulia ya mtu mwingine, "nilikuona sikio. Nikauona uzi wa kijani, kila mshono, kwa macho matupu. Tangu nizaliwe sijawahi kuona mshono bila miwani. Nikafurahi, Dago. Kufumba na kufumbua nikafurahi, nikasema operesheni imefaulu, ngoja nimwite jina. Ndipo ukanimwagia."

"Nurys..."

"Ndicho kitu cha mwisho jicho hili lilichokiona sawasawa. Uzi wangu mwenyewe."

Nilipiga magoti. Nikasema yote, wivu, Wadith, filimbi. Nikalia. Aliniacha nilie hadi nikamaliza, na nilipomaliza, aibu ikageuka hasira, kama inavyotugeuka sisi wanaume.

"Kama ulijua, mbona ulinyamaza? Ulinifanya mpumbavu miezi yote hii!"

"Nilikungoja useme. Hospitalini nilikungoja. Siku ya shanga nilikungoja, nikakuona mdomo umefunguka."

"Nilikuwa nalipa! Kila asubuhi, jua na mvua, nani alikuja? Nani alikunawia mikono? Nilikosea, nakubali, lakini nimekuuguza! Ukinifukuza leo, niambie, kesho nani atakutia dawa?"

Aliichukua chupa mezani, akaifungua kwa dole gumba, akarudisha kichwa nyuma, akavuta kope. Tone moja kulia. Tone moja kushoto. Hakuna lililomwagika shavuni. Akaifunga, akaiweka mkononi mwangu.

"Najitia mwenyewe tangu wiki ya pili, Dagoberto. Nilikuacha uje kwa sababu mgonjwa ulikuwa wewe; leo umeanza tena utani, basi umepona, nenda kwenu."