Usilikamate Toazi Jeusi

Toazi lilinyamaza kabla mkono haujalifikia.

Nyundo alibaki vilevile, kiganja hewani, fimbo ya kupigia ikiwa kwenye mkono wa pili, akilitazama duara jeusi la shaba likiyumba juu ya stendi yake bila kutoa hata mnong'ono. Alikuwa amepiga ngoma tangu ujana wake, na alijua tabia za vyombo vyake. Toazi jepesi hupasuka kwa kelele likamaliza. Zito huvuma, unaweza kwenda kunywa maji ukarudi, bado linavuma. Hili lilikuwa zito kuliko yote aliyowahi kuyabeba, na lilikuwa limenyamaza ghafla, kama mtu aliyezibwa mdomo.

"Stendi mbovu hii," akasema, akaikaza skrubu.

Stendi haikuwa mbovu. Tuseme ukweli mapema, tusizungushane.

Bendi yake ilipiga roki nzito, ile ya magitaa yanayonguruma mpaka vioo vya jirani vinatetemeka. Onyesho la uwanjani lilikuwa linakaribia, na matoazi yake ya zamani yalikuwa membamba. Mawili yalishapasuka ukingoni, na yaliyobaki yalimezwa na magitaa kama mluzi wa mtu sokoni. Ndipo muuza vyombo vya muziki alipomwazima mawili mazito, akayalinganishe nyumbani kabla ya kuchagua. Moja lilikuwa jeupe, linang'aa mpaka unajiona meno, limechongwa mistari myembamba kama sahani ya santuri. La pili lilikuwa jeusi. Halikuchongwa wala kung'arishwa, lilijaa makovu ya nyundo ya fundi, na kitovu chake, kile kibonge cha katikati, kilikuwa kikubwa kama bakuli.

"Jeusi lina sharti moja," muuzaji alimwambia. "Usilikamate. Ukishalipiga, liache life lenyewe."

"Sasa nitalinganishaje? Nikisubiri life, nitakuwa nimeshasahau sauti ya mwenzake."

"Basi chukua jeupe."

"Kwani likikamatwa linafanya nini?"

"Aliyeniuzia aliniambia lisikamatwe. Na mimi nakwambia lisikamatwe. Sijui zaidi ya hapo, na sitakutungia hadithi."

Nyundo alicheka mpaka nje ya duka. Kukamata toazi ni kazi ya kila mpigaji: unalipiga, kisha unalibana ukingoni, kidole gumba juu, vidole vinne chini, sauti inakatika palepale. Na kulinganisha ndiko huko. Piga hili, kamata. Piga lile, kamata. Mtu aliyekuwa akigombana hata na maji kwa kuchelewa kuchemka angewezaje kukaa akingoja shaba imalize kuongea?

Kesho yake akaja Waya, mpiga gitaa wa bendi, mwembamba kama jina lake. Wakaingia chumba cha mazoezi, iliyokuwa stoo ya nyuma ya nyumba. Kuta zilivikwa magodoro makuukuu ili kuzuia kelele, na dirisha lilizibwa, kwa hiyo hata mchana kweupe mlikuwa na giza la ndani ya gunia na balbu moja tu.

"Geukia ukutani," Nyundo akasema. "Nataka masikio yako, macho yako baki nayo."

Akapiga jeupe.

"Zuri," Waya akauambia ukuta. "Ila linalalamika juu juu tu, kama shangazi yangu akidai haki yake."

Akapiga jeusi.

"Hilo! Hilo lina kifua! Linapita katikati ya gitaa langu kama kisu. Rudia."

Nyundo akarudia, akalikamata. Chini ya ukingo, pale vidole vyake vinne vilipopaswa kukuta shaba, vilikuta vidole vingine vinne, vya baridi na vyenye unyevu, vimejipanga vikimsubiri.

Akauchomoa mkono ghafla. Chumba kilijaa harufu ya sarafu zilizoshikwa muda mrefu kwenye kiganja chenye jasho.

"Umesikia harufu?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Ya soksi zako, basi." Waya alikuwa bado ametazama ukuta. "Lakini leo umelikamata sawasawa. Hata yule mbwa wa jirani amefyata."

Walipotoka nje walimkuta mbwa kwenye uzio, shingo ameinyoosha, taya zinafunguka na kufunga, mate yanamruka. Alikuwa akibweka kwa nguvu zake zote. Hakukuwa na sauti.

Waya aliondoka bila kuaga.

Nyundo alichagua kutofikiri. Mbwa yule alikuwa kero siku nyingi, na lile toazi, jamani, lilikuwa toazi! Akaendelea kulipima, akilihamisha huku na huku, akilipiga ukingoni, tumboni, kitovuni. Lilizidi kupaza sauti kila siku. Jeupe lilibaki pale pale.

"Baba Kasuku," mkewe akamwambia jioni moja, "birika limechemka mpaka limekauka. Halikupiga filimbi."

"Birika lenyewe la enzi hizo."

"Na bomba la bafuni? Nimesimama pale naangalia matone yanaanguka kwenye ndoo, moja baada ya jingine. Sisikii kitu."

"Si ndilo ulilokuwa unalilalamikia?"

"Nimekwambia maji yanaanguka na hayalii!"

"Na mimi masikio yangu yanapiga mluzi mwaka mzima, mbona sijaitisha kikao?"

"Wewe huna masikio, mume wangu. Una mashimo mawili pembeni mwa kichwa."

Hapo hakumsingizia. Kelele za miaka zilikuwa zimekula sauti zote nyembamba kichwani mwake. Ndege hakuwasikia. Simu ikilia, mpaka atikiswe bega. Mnong'ono wa binti yake aliusoma midomoni.

Binti huyo ndiye Kasuku. Alikuwa na miaka minne, na jina hilo alipewa na bibi yake kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Aliongea akila, aliongea akioga, aliongea usingizini. Alikuwa wa pekee, na Nyundo, pamoja na ukali wake wote, alikuwa akimbeba mabegani mpaka dukani na kujibu kila swali lake.

Lakini siku ile alikuwa amechoka, na onyesho lilikuwa limekaribia.

"Baba, hilo jeusi lina mtu," Kasuku akasema kutoka mlangoni.

"Lina mtu gani?"

"Wa chini. Wewe ukishika, na yeye anashika."

Nywele zilimsimama Nyundo, na kwake hofu haikuwa na njia nyingine ya kutokea isipokuwa hasira. "Toka humu, Kasuku."

"Hana mdomo, baba. Anataka wa—"

Akalipiga ili kumfunika, kama mtu anavyoongeza redio asisikie ugomvi wa jirani, na mtoto akaziba masikio akicheka na kupiga kelele kwa furaha, "Baba, piga tena! Piga te—" na mkono wa Nyundo, kwa mazoea tu, kwa mazoea ya maisha yake yote, ukaenda ukingoni ukakamata. Vile vidole vinne vya chini vikajifunga juu ya vyake.

Sauti ikakatika. Zote mbili.

Midomo ya Kasuku iliendelea. Alimaliza kucheka, akaanza kusema jambo, akasita, akajishika koo. Kisha akaita. Nyundo aliisoma midomo: Baba. Baba. Baba.

Daktari alimulika koo, akasema ni safi, halina hata uvimbe. Muuzaji naye, Nyundo alipomwendea amefura, hakurudi nyuma hatua.

"Sikukuficha kitu. Nilikwambia uso kwa uso, usilikamate. Ulikamata?"

Nyundo akainamisha kichwa.

"Basi kelele zako zipeleke kwingine. Mtafutie mtoto mganga, na kikishatoka hicho kilichomo, niletee toazi langu."

Mganga alipatikana kwa njia ya Mama Kasuku. Mganga huyo aliishi ghorofa ya tatu. Alifungua mlango akiwa na rimoti mkononi, na alikuja kesho yake alasiri bila kibuyu, bila kitambaa chekundu. Aliinusa stoo kutoka mlangoni, akakunja uso.

"Huyu moshi haumfukuzi," akasema. "Jini hili linakula kilichokatwa. Kila ulichokikata, limekikalia. Utalipiga toazi mara moja, kwa nguvu zako zote, kisha utakaa. Litatapika kimoja kimoja. Usiliguse mpaka life kabisa. Kabisa, baba, siyo karibu."

"Likiniita?"

"Litakuita. Una watoto wangapi?"

"Huyu tu."

"Basi unajua la kufanya. Mikono ikikuwasha, ikalie."

Mganga akaketi sebuleni na Kasuku. Mama Kasuku akasimama kwenye mlango wa stoo, nje ya kizingiti, khanga ameikaza mdomoni.

Nyundo akalipiga.

Akaketi sakafuni juu ya viganja vyake, na lile toazi likavuma, likavuma mpaka vumbi likapuruka kwenye magodoro, na ndani ya mvumo ule ikaja filimbi ya birika, ndefu na kali, ikapita mlangoni ikaenda zake jikoni, kisha matone, moja baada ya jingine, kisha mbwa, akibweka kwa siku zote alizonyimwa, na harufu ya sarafu zenye jasho ikawa nzito mpaka akaihisi kwenye ulimi, na balbu ikafifia, na kutoka chini ya ukingo ule mweusi, pale pasipokuwa na kitu chochote zaidi ya hewa, vikateremka vidole vinne, virefu kuliko inavyopasa, vikipapasa huku na huku kama vya kipofu anayetafuta swichi, na ndipo ikaja sauti ya Kasuku, kwanza akicheka, piga tena baba, piga tena, kisha akiuliza maswali yake yale ya njiani, kisha akilia, baba nishike, baba naanguka, baba huku chini kuna giza nishike, na kila kiungo cha mwili wa Nyundo kikataka kuinuka, na machozi yakamtiririka mpaka shingoni, lakini akazidi kukandamiza viganja vyake chini ya mapaja mpaka vikafa ganzi, akayafumba macho, akahesabu pumzi zake, na sauti ya mwanawe ikaanza kupungua, ikapita karibu na shavu lake kama upepo wa mlango, ikaenda sebuleni, na mvumo ukashuka, ukashuka tena, ukawa uzi, na uzi ukakatika.

Kimya.

Akafumbua macho. Vidole havikuwapo. Toazi lilikuwa limetulia, shaba tu, makovu ya nyundo tu.

"Limekufa," akasema. Akasimama, akalishika ukingoni alitoe kwenye stendi.

"Hapana!" Mama Kasuku alipiga yowe. "Hapana, Baba Kasuku, linalia bado!"

Akamgeukia bila kuelewa. "Linalia wapi?"

"Lilikuwa linalia! Sauti nyembamba, kama ya mbu! Mimi nimesimama huku nje naisikia, wewe uliye ndani huisikii?"

Hakuisikia. Uzi ule haukuwa umekatika. Ulikuwa umepanda tu, ukaingia mahali ambapo masikio yake yalikuwa yamekufa zamani.

Mganga alikuwa amefika nyuma ya Mama Kasuku. Hakugomba. Aliutazama mkono wa Nyundo juu ya ukingo, kidole gumba juu, vidole vinne chini.

"Kilikuwa kimebaki kiasi gani?" akauliza.

"Kidogo," Mama Kasuku akanong'ona. "Kidogo sana."

"Kidogo kinatosha," akasema mganga, akavaa viatu vyake, akaondoka.

Jikoni birika lilikuwa likipiga filimbi. Nje mbwa alikuwa akibweka. Na kutoka sebuleni, wazi, tamu, kwa nguvu ambayo hata Nyundo aliisikia vizuri, ikaja sauti waliyoililia:

"Baba!"

Walikimbia wakigongana mlangoni. Kasuku alikuwa amesimama juu ya zulia, anatabasamu, mdomo ameufumba. Na neno lile lilikuwa bado linaendelea. Ile *a* ya mwisho ilikuwa ikimtoka kifuani kwa mvumo mmoja, bila pumzi, ikishuka taratibu, taratibu mno.

"Mwanangu!" Mama Kasuku akamrukia, akamkumbatia.

Sauti ikakatika. Kifua cha mtoto nacho kikasimama. Macho yakamtoka, midomo ikaanza kugeuka rangi, na kwenye khanga ya mama yake ikapanda harufu ya sarafu.

"Mwachie!" Nyundo akanguruma. "Mwachie, Mama Kasuku! Usimshike!"

Akamwachia. Mvumo ukarudi pale pale ulipokatikia, na mtoto akavuta hewa, akaanza kulia kwa hofu, na kilio chake kikatoka kile kile, kirefu, cha shaba, kisichokuwa na mwisho.

"Tutafanyaje?" mama yake akauliza, mikono ameining'iniza kama si yake.

"Tusubiri limalize lenyewe."

"Mpaka lini?"

Hakujua. Wakaketi sakafuni mbali naye, kila mmoja amekalia viganja vyake, na Kasuku, akilia katikati ya zulia, akawanyooshea mikono abebwe.