Imepanda, Lakini Nini?

Kila siku shule ilipofunga, Kaswera hakwenda nyumbani moja kwa moja kama watoto wenzake wa mtaa wa Kyeshero. Alikuwa na kazi, na kazi hiyo haikuhitaji nguvu za mikono, ilihitaji masikio. Alipita kwa Papa Modeste, fundi wa redio, akasimama mlangoni na sare yake ya bluu na nyeupe, akasikiliza habari za saa sita na nusu mpaka mwisho. Kisha alimpelekea mama yake habari hizo kwa uangalifu wa mtu aliyebeba mayai.

Mama yake, Mama Micheline, alikuwa cambiste, yaani mbadilisha pesa wa barabarani. Meza yake ndogo ya mbao ilikaa chini ya mwavuli kwenye njia iendayo Himbi. Juu ya meza palikuwa na mabunda ya faranga yaliyofungwa kwa mpira, na katika mkoba wa kiunoni mlikuwa na dola. Dola hizo zilikuwa safi kuliko shati la padri siku ya Pasaka, maana mjini Goma noti ya dola yenye tundu dogo kama jicho la mbu haipokelewi na mtu. Siku moja alikataa noti nzima kabisa, eti sura iliyochorwa juu yake ilionekana kuwa na mafua.

Kazi yenyewe ni kukisia kesho. Redio ikisema dola zitakuwa haba, bei yake hupanda. Aliyezinunua asubuhi huziuza jioni kwa faida. Ikisema zitakuwa nyingi, bei hushuka, na aliyejaza mkoba hulala akihesabu mabati ya paa. Anayesikia kwanza ndiye anayekula kwanza. Na kwa kuwa ni habari ileile kila siku, watu wa meza walikuwa na neno lao la mkato. "Imepanda" maana yake dola imepanda. "Imeshuka" maana yake dola imeshuka. Hakuna aliyejisumbua kuitaja dola yenyewe.

Kabla ya meza, Mama Micheline alibeba magunia ya makaa mgongoni kwa miaka minane, kamba ikipita kwenye paji la uso. Kamba ile ilimwachia alama, mfereji laini ambao hakuna mafuta yaliyoweza kuufuta. Kaswera alipokuwa mdogo alipenda kupitisha kidole humo mama yake akisinzia.

"Mtaji huu ukiisha," mama alizoea kusema akiigonga meza, "ile kamba ya makala ingali nyuma ya mlango."

Na kweli ilikuwa nyuma ya mlango, imening'inia kwenye msumari. Kaswera aliiona kila asubuhi alipotafuta viatu.

Jumatano moja mama alimwambia, "Leo sikiliza vizuri, mutoto wangu. Wanasema Benki Kuu itatoa tangazo. Mengine yote ni kelele, hilo moja ndilo chakula."

"Ndiyo, mama," alijibu Kaswera, na alikuwa na nia njema. Nia njema, lakini, haina breki.

Alipotoka shuleni alikuta chukudu moja ikishuka barabarani. Si ajabu kuona chukudu Goma. Magari hayo ya mbao yenye magurudumu mawili hubeba chochote, na wapo wanaoapa waliona moja imebeba kanisa. Hii ilibeba kabati la nguo lililosimama wima. Juu ya kabati alisimama mbuzi. Hakufungwa, hakulia, alitazama mbele kama mheshimiwa anayekagua barabara. Watoto walikimbia nyuma yake wakishangilia, na Kaswera akajikuta miongoni mwao. Walimsindikiza mbuzi huyo mpaka kona ya tatu.

Alipokumbuka redio, jasho lilikauka mgongoni. Alirudi mbio. Kwa Papa Modeste redio ilikuwa inapiga muziki. Fundi mwenyewe hakuwepo. Mwanafunzi wake, Chance, alikuwa akipanga simu za watu kwenye chaji.

"Chance, habari zimekwisha?"

"Zamani. Wewe unatoka Kisangani kwa miguu?"

"Benki Kuu wamesema nini?"

"Wamesema imepanda," alijibu Chance, bila kuinua macho.

Kaswera hakungoja neno la pili. Alifika kwenye meza akihema.

"Imepanda, mama."

"Umesikia mwenyewe?"

Hapo ndipo alipokuwa na nafasi ya kusema kweli. Ilikuwa nafasi ndogo, kama ya mlango unaofungwa na upepo.

"Nimesikia mwenyewe, kwa masikio yangu," alisema Kaswera.

Mama Micheline hakuuliza tena. Alinyoosha mgongo, akaanza kununua. Wenzake walipokea dola moja kwa faranga elfu mbili na mia nane. Yeye alitoa mia nane na ishirini. Watu walisikia, wakaja. Bunda baada ya bunda la faranga liliondoka mezani.

Mama Apolline wa meza ya jirani alicheka. "Leo jirani yangu ananunua dola kama mutu anayenunua samaki wa sambaza. Utazikaanga?"

"Wewe cheka tu," alisema Mama Micheline. "Kesho utakuja kuniomba chumvi."

Baada ya saa moja na nusu meza ilibaki mbao tupu. Mkoba wa kiunoni ulikuwa umevimba: dola mia tano. Faranga hata za kununua maji hazikubaki.

"Kaswera, nenda uniletee simu yangu kwa Papa Modeste, niliiacha kwenye chaji. Itakuwa imejaa moto."

Kaswera alikwenda akirukaruka. Papa Modeste alikuwa amerudi, na redio ilikuwa ikirudia habari za mchana. Sauti ya mtangazaji ilikuwa tulivu kabisa, kama ya mtu anayesoma majina ya watakatifu: Benki Kuu imeingiza dola nyingi sokoni. Faranga ya Kongo imepanda thamani. Mjini Kinshasa dola imeanza kuanguka.

"Faranga imepanda?" aliuliza Kaswera.

"Faranga, ndiyo," alisema Chance. "Si nilikwambia imepanda?"

Papa Modeste aliona uso wake. "Ni kama mizani ya muuza maharage, binti. Upande mmoja ukipanda, mwingine unashuka. Una homa?"

Hakuwa na homa. Alikuwa na hofu, na hofu hiyo ilianzia kwenye nyayo. Alichukua simu ya mama yake, akaondoka. Barabara ambayo kila siku ilikuwa ya hatua mia mbili ilirefuka mpaka ikaonekana kama inakwenda Rutshuru. Moyo ulimdunda hata akaona haya, akidhani waendesha pikipiki wanausikia.

Hakuna anayejua, sauti moja ilimwambia. Chance ndiye aliyesema. Redio nazo hukosea. Nyamaza tu, kesho watu watasema ni bahati mbaya.

Lakini machoni pake aliona ule msumari nyuma ya mlango, na msumari ulikuwa mtupu. Kamba haikuwepo. Aliiona kwenye paji la uso wa mama yake, ikirudi taratibu ndani ya mfereji wake, kama maji yanayoijua njia.

Mama yake alimpokea akitabasamu. "Mbona umekaa sana? Lete. Leo siuzi mapema. Nitangoja mpaka Ijumaa, ipande vizuri. Mutoto mwenye masikio ni baraka."

Maneno hayo yalimchoma kuliko kiboko. Angepigwa, angalau angelia. Kadiri mama alivyomwamini, ndivyo mkoba ulivyozidi kuvimba kwa hasara.

"Mama." Aliiweka simu mezani. "Sikusikia mwenyewe."

Mama aliacha kufuta meza.

"Nilimfuata mbuzi. Alikuwa juu ya kabati. Nilipofika habari zilikuwa zimekwisha, Chance akasema imepanda. Sasa hivi nimesikia kweli. Iliyopanda ni faranga. Dola inaanguka. Nilidanganya, mama."

Mama Micheline hakupiga kelele. Alikaa polepole, akapeleka vidole kwenye paji la uso na kuviacha hapo. Vidole hivyo kwenye mfereji vilimtisha Kaswera kuliko mlima wa moto wa Nyiragongo ukinguruma. Hata Mama Apolline alisahau kucheka.

"Tangu saa ngapi umejua?" mama aliuliza mwishowe.

"Tangu dakika kumi."

"Basi hatujafa bado."

Wakati huohuo alifika Papa Josias, mfanyabiashara wa mji wa Kiwanja, na mfuko wa faranga kwapani. Alikuwa na haraka.

"Mama Micheline, nipe dola mia nne. Natoa mia nane na hamsini kama jana. Gari la mchele linaondoka saa kumi, na mwenye mchele hataki kuona faranga."

Kaswera alimtazama mama yake. Papa Josias hakuwa amesikia redio. Neno moja tu, "haya", na hasara yote ingehamia kwenye mfuko wa mzee huyu, tena na faida juu. Mkono wa mama ulikuwa tayari kwenye zipu ya mkoba. Ulikaa hapo muda mrefu. Kaswera aliogopa upya, na safari hii hakujua aogope nini: umaskini, au huo mkono.

"Papa Josias," alisema mama, "redio imesema dola inaanguka. Bei uliyotaja ni ya jana. Ukiweza kungoja, ngoja."

Papa Josias alikuna kidevu. "Gari halingoji. Kweli inaanguka? Na wewe umejaza mkoba?"

"Nimeujaza."

"Na bado unaniambia." Alifikiri kidogo. "Tugawane maumivu. Mia saba."

"Mia saba," alikubali mama.

Walihesabu, wakapeana mikono. Dola mia moja zilizobaki Mama Micheline aliziuza kesho yake kwa elfu mbili na mia tatu. Jumla ya hasara ikawa faranga elfu mia moja, na viatu vipya vya Kaswera vikangoja muhula mwingine. Lakini wiki iliyofuata dola moja haikupata hata elfu mbili. Kama mkoba ungengoja Ijumaa, meza ingekuwa kuni.

Jioni ya Jumatano ile walirudi nyumbani pamoja. Kaswera aliingia wa kwanza, akatazama nyuma ya mlango. Kamba ilikuwa kwenye msumari wake. Hapo ndipo alipolia.

Mama alimketisha karibu na jiko.

"Sikia, Kaswera. Kumfuata mbuzi ni utoto, na utoto si dhambi. Kuchukua neno la mwingine na kulivika masikio yako, huo ni uongo, na uongo huo ulinifanya nishike feza kama kipofu. Usipojua, sema sijui. 'Sijui' haijawahi kumfilisi mutu. Ukikosa, sema mapema, kama ulivyosema leo. Ungelala na kosa hilo, tungelikuta asubuhi limezaa. Na mimi nimekosa. Nilisikia 'imepanda', sikuuliza nini. Habari isiyo na mwenyewe isiguse mkoba wa mutu."

"Ndiyo, mama."

Sufuria ilianza kuchemka. Mama aliinua kifuniko, akakirudisha.

"Na huyo mbuzi?"

"Alipanda."

Mama alimkazia macho. Kaswera alipangusa pua, akakaa sawasawa.

"Mbuzi mweupe mwenye ndevu, alipanda juu ya kabati, kabati lilikuwa kwenye chukudu, na nilimwona mwenyewe."

"Sasa hiyo," alisema Mama Micheline, na kwa mara ya kwanza tangu mchana akacheka, "ndiyo habari kamili."