Miaka Kumi na Tisa ya Mwaloni

Jioni ile Absalom McCready aliaga kwamba anakwenda kumtafuta ng'ombe aliyepotea. Uongo mtupu. Ng'ombe wote walikuwa zizini. Alikuwa anakwenda kwa Bibi Ursel, yule Mjerumani wa ng'ambo ya kijito ambaye majirani walimwendea kwa siri na kumtukana hadharani.

Hati ya ardhi aliyoachiwa na baba yake ilisema mpaka unaishia kwenye mwaloni wenye chale tatu za shoka. Mwezi Aprili Absalom aliuchoma mwaloni ule, akachanja chale tatu kwenye mwaloni mwingine, ng'ambo ya chemchemi ya mjane Keziah. Tamaa ilimpofusha. Alisahau kwamba wapima ardhi hukata kipande cha mti penye chale na kuhesabu duara zilizoota juu yake, moja kila mwaka. Hati ilikuwa na miaka kumi na tisa. Chale zake zilikuwa na miezi mitano. Mpima alikuwa anakuja Alhamisi, na akimnasa, shamba lote linakwenda.

Kibandani mlinuka siki na manyoya yaliyoungua. Bibi Ursel hakumkaribisha kiti.

"Miaka mimi siumbi," alinong'ona. "Naihamisha tu. Shamba unamtafutia nani?"

"Binti yangu, Tamsin. Ana miaka sita."

Bibi akaguna, akaliandika jina mezani kwa mkaa. Absalom hakuuliza miaka itatolewa kwa nani. Moyoni aliomba itolewe kwa mjane.

Alhamisi adhuhuri mpima, Bwana Pruitt, akatia shoka. Kipande kikabanduka.

Harufu iliyotoka haikuwa ya mti. Ilikuwa ya nywele za mtoto aliyetoka kuoga.

Bwana Pruitt alihesabu kwa ncha ya kisu, akarudia. Kumi na tisa. Keziah alimshika Absalom mkono, akamsihi, akasema bila maji yale hana pa kwenda.

"Kinga mvua, mama," Absalom akamwambia, na wanaume wakacheka. Maneno yale yalistahili kofi, lakini hakuna aliyempiga.

Alirudi nyumbani na hati yake kifuani. Mkewe, Jennet, alikuwa amesimama nje ya mlango, kajiziba mdomo kwa aproni.

"Tamsin analia tangu adhuhuri," alisema. "Anasema mifupa inamuuma."

Absalom akaingia.

Mwanamke alikuwa ameketi sakafuni.

Alikuwa wa miaka ishirini na mitano hivi. Gauni la Tamsin lilikuwa limempasukia mabegani, na meno ya utotoni yametapakaa miguuni pake. Alipomwona Absalom aliinua mikono yote miwili, kama kila jioni.

"Baba... nibebe."

Sauti ilikuwa ile ile ya miaka sita. Absalom alijaribu, asiweze kumwinua. Naye akadhani baba kamkasirikia, akalia kwa kwikwi mpaka usingizi ukamchukua.

Alfajiri Absalom alikimbilia kibandani. Majivu yalikuwa baridi, Bibi Ursel hayupo. Akapita kwenye mwaloni na shoka, akapiga pigo moja ili miaka irudi. Kutoka nyumbani, ng'ambo ya shamba, mtu akapiga yowe la maumivu.

Alilitupa shoka, akarudi mbio. Jennet alikuwa kitandani akimbembeleza binti yao, anamchana nywele taratibu. Kisha mkono wake ukasimama.

"Absalom," akanong'ona. "Ana mvi."