Daraja la Kinyozi

Jambo hili lilimpata rafiki yangu, fundi cherehani, mtu wa sala. Simsemi kwa ubaya, sote ni wakosefu. Yeye na wenzake walikuwa na chumba chao cha treni ndogo za umeme, zile zinazozunguka juu ya meza.

Siku hiyo walikuwa wakitaniana kama kawaida.

"Treni yako inapanda mlima kama bibi anayeumwa goti!"

"Yako je, inayolala njiani?"

Simu ya fundi ikalia. Aliyepiga alikuwa kinyozi, mwenzao aliyelazwa hospitalini.

"Kaka, daraja langu vipi?"

"Lipo, ndugu yangu. Treni zinapita juu yake."

Wenzake wakainamisha macho. Daraja hilo la mbao, kinyozi alilichonga mwaka mzima. Fundi mwenyewe ndiye aliyelivunja apate nafasi ya stesheni yake mpya, na vipande akavitia motoni. Stesheni ilikuwa bado haijajengwa, na kwenye reli likabaki pengo la urefu wa mkono mzima.

Kesho yake mchana alirudi peke yake kuchukua gundi. Umeme ulikuwa umekatika, na chumba kile hakina dirisha. Akiwa anapapasa rafu gizani, akasikia treni inakuja, tiki-tiki, tiki-tiki. Kisha mlio ukabadilika ukawa kong'o, kong'o, kong'o, kama magurudumu yanayopita juu ya mbao.

"Mola nisamehe," akanong'ona, akawasha tochi ya simu.

Kichwa cha treni kilikwishafika ng'ambo. Mabehewa matatu yalikuwa bado juu ya pengo, yamenyooka sawasawa, yakisonga polepole, na chini yake hapakuwa na kitu.