Tazama Kulia

Kila siku baada ya masomo, Kidole alikuwa wa kwanza kuingia chumba cha kompyuta. Wenzake walimpa jina hilo kwa sababu aliandika kwa kidole kimoja, tena kwa kasi ya cherehani ya shangazi yake. Muhula ule hospitali ya mji iliomba chama cha kompyuta kiitengenezee tovuti, na kazi kubwa akapewa yeye.

Akaipamba kweli. Upande wa kushoto aliweka picha pana ya hospitali, na chini yake maneno: "Saa za kuona wagonjwa, tazama kulia." Kulia ndiko alikozipanga saa zenyewe pamoja na namba ya simu. Kwenye kioo kikubwa cha kompyuta ya shule, ukurasa ulipendeza.

"Umeujaribu kwenye simu ndogo?" mwalimu wa kompyuta alimuuliza. "Watu wengi hawana kompyuta. Wana simu tu."

"Nimeujaribu, mwalimu."

Hakuwa ameujaribu. Alikuwa na haraka ya kupigiwa makofi, na makofi akayapata.

Haukupita muda, babu yake akalazwa katika hospitali hiyo hiyo. Mama akampigia simu shangazi, fundi cherehani wa mji wa jirani na kipenzi cha babu tangu utotoni. "Wifi, baba amelazwa. Hali si nzuri, anakuulizia," alisema, kisha simu yake ikazimika kwa kukosa chaji.

Mchana, Kidole na mama waliruhusiwa kuingia wodini. Babu alikuwa akiutazama mlango tu. Kila aliposikia viatu ukumbini aliuliza, "Ni yeye?"

"Yuko njiani, babu," Kidole alimjibu, akimshika mkono.

Shangazi alifika jioni, akakuta geti limefungwa. Mlinzi akamwambia saa za kuona wagonjwa ni mchana, arudi kesho. Kesho hiyo babu hakuiona. Alifariki alfajiri.

Baada ya mazishi, shangazi alikaa sebuleni, simu yake yenye ufa iko mapajani. Kidole akaketi kando yake.

"Si kwamba sikujali, mwanangu," shangazi alisema taratibu. "Kabla ya kutoka nilifungua tovuti ya hospitali nijue saa. Nikaona picha, na maneno 'tazama kulia'. Nikatazama kulia, hakuna kitu. Nikauvuta ukurasa, hausogei. Nikasema basi, itakuwa jioni kama hospitali nyingine. Waliniambia nitazame kulia. Sasa kulia ndiyo kazi niliyobaki nayo."

Wahenga walisema majuto ni mjukuu, na mjukuu mwenyewe alikuwa Kidole.

"Shangazi, maneno hayo niliandika mimi. Mwalimu aliniuliza kama nimeujaribu ukurasa kwenye simu. Nikamdanganya."

Shangazi akafuta uso kwa kiganja, akamkabidhi simu. "Nenda nayo kwa mwalimu wako. Usiirudishe mpaka saa hizo zionekane."

Mwalimu hakumgombeza. Alimwonyesha kanuni ambazo watengenezaji wa tovuti wamekubaliana: mstari mmoja wa maagizo unaoiambia simu iupange ukurasa kulingana na upana wa kioo chake, picha nyepesi isiyomaliza bando, maandishi yanayosomeka bila kukodoa macho, na jambo la muhimu kukaa juu. Na kwa kuwa kidole kimoja hakivunji chawa, kila mwanachama alileta simu ya nyumbani kwao, wakaujaribu ukurasa kwenye zote. Neno "kulia" Kidole alilifuta mwenyewe, machozi yakimdondoka.

Alipoirudisha simu, shangazi aliufungua ukurasa. Saa zilikuwa juu kabisa, na namba ilihitaji kuguswa tu simu ipige. Akazisoma polepole.

"Mchana," alisema. "Ningemkuta."

Kidole akainamisha kichwa. Shangazi akamvuta karibu.

"Sikulaumu kwa kutojua. Hakuna aliyezaliwa anajua. Ila usiseme umejaribu kabla hujajaribu. Na ukitengeneza kitu cha watu, usikipime kwa kioo chako wewe. Kipime kwa simu ya yule aliye mbali, mwenye haraka, anayetaka kumuwahi baba yake."